JOTO, NYUMBA NA FUNDI

Somo la ujenzi kutoka Musoma, Bunda na Butiama

UTANGULIZI

Binadamu hujenga nyumba ili ajikinge na jua, mvua, upepo, wadudu na wezi. Katika mambo hayo matano, jua ndilo ambalo mjenzi hulifikiria mwisho, na pengine halifikirii kabisa. Matokeo yake anayajua kila mwalimu aliyepata kufundisha saa nane mchana katika darasa lililoezekwa kwa bati bila dari. Wanafunzi husinzia, sauti ya mwalimu hulegea, na kazi iliyopangiwa dakika 40 huhitaji 80. Usiku, bati lile lile lililounguza mchana huwa baridi kiasi cha kudondosha umande juu ya vitanda.

Makala haya yanaeleza namna joto linavyoingia na kutoka katika nyumba za kawaida za mkoa wa Mara, yaani zile za matofali na bati zilizoenea Musoma, Bunda na Butiama. Yanaeleza pia namna nyumba zilizokwisha kujengwa zinavyoweza kurekebishwa, na stadi ambazo fundi hana budi kuwa nazo. Hoja yake ni moja. Joto la nyumba, na hata ni nani atakayeweza kuingia ndani yake, huamuliwa katika siku tatu za kazi ya fundi: siku ya kupima msingi, siku ya kupanga milango na madirisha, na siku ya kuezeka. Uamuzi mwema katika siku hizo hugharimu kidogo. Uamuzi mbaya hulipwa na wakaaji kwa miaka mingi.

JOTO LA ULAYA NA JOTO LA MARA

Katika Ulaya ya kaskazini tatizo kubwa ni kulizuia joto lisitoke. Majengo ya nchi za Umoja wa Ulaya hutumia kiasi cha asilimia 40 ya nishati yote inayotumika humo, na sehemu kubwa ya nishati hiyo huenda katika kupasha joto vyumba na maji. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, nchi nyingi zilikaza kanuni zao za ujenzi. Kuta zilivishwa matabaka ya kuzuia joto, na madirisha yakatiwa vioo viwili vyenye hewa katikati. Mwaka 2020 Tume ya Ulaya ilitangaza lengo la kukarabati majengo milioni 35 ifikapo mwaka 2030.

Hata hivyo ilidhihirika mapema kwamba vifaa peke yake havitoshi. Pengo la upana wa kidole lililoachwa kati ya vipande viwili vya kizuia joto hupitisha hewa baridi na unyevu, na ukuta uliogharimu fedha nyingi ukaota ukungu. Kwa sababu hiyo Tume hiyo hiyo ilianzisha mwaka 2011 mpango ulioitwa BUILD UP Skills. Kazi yake ilikuwa kuzisaidia nchi wanachama kuchunguza ni stadi gani zimepungua miongoni mwa waashi, maseremala, mafundi umeme na mafundi bomba, na kupanga namna ya kuwafundisha wakiwa kazini.

Mara iko kusini kidogo ya Ikweta, na tatizo lake limegeuka: joto la mchana lisiingie. Aghalabu hakuna mashine ya kupoza hewa, kwa hiyo hakuna ankara ya umeme inayomwonyesha mwenye nyumba hasara yake. Hasara ipo hata hivyo. Mwili huilipa kwa uchovu, na vilima huilipa kwa miti inayokatwa ili kuchoma matofali. Ingawa tatizo limegeuka, funzo ni lile lile: elimu ya joto isipofika mkononi mwa fundi, haifiki ukutani.

NJIA YA JUA JUU YA MUSOMA

Mji wa Musoma uko karibu na latitudo 1½° Kusini. Kwa hiyo jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Juni, wakati wa kilele chake, jua huinama kiasi cha nyuzi 25 upande wa kaskazini. Mwezi wa Desemba huinama kiasi cha nyuzi 22 upande wa kusini. Mwanafunzi azingatie pia kwamba saa za Tanzania hufuata longitudo 45° Mashariki, na Musoma iko karibu na 34°. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Basi jua la Musoma hufika kileleni kiasi cha dakika 45 baada ya saa sita.

Tarakimu hizo zinamfaa fundi. Tuseme dirisha la ukuta wa kaskazini lina kizingiti cha chini kilicho mita 1.5 chini ya ukingo wa paa. Urefu wa upenu unaohitajika ili kivuli kifike kizingitini jua likiwa kileleni mwezi wa Juni ni:

1.5 × tanjenti ya 25° = 1.5 × 0.47 = mita 0.7 hivi.

Upande wa kusini, mwezi wa Desemba:

1.5 × tanjenti ya 22° = 1.5 × 0.40 = mita 0.6.

Kabla na baada ya kilele mahitaji huongezeka. Upenu wa mita 1 upande wa kaskazini huendelea kulikinga dirisha hilo hadi kama saa tatu kabla ya kilele na saa tatu baada yake. Kwa hiyo upenu wa kati ya mita 0.8 na mita 1 unafaa. Upenu wa sentimita 30, ambao huonekana mara kwa mara kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuokoa mabati machache, hauwezi kuikinga nyumba na jua, wala haulindi ukuta na mvua ya upepo.

Kuta za mashariki na magharibi zina shida nyingine. Asubuhi na jioni jua liko chini, na miale yake huingia karibu kwa ulalo; hakuna upenu wa kawaida unaoweza kuizuia. Kanuni inayofuata ni rahisi: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na kuta fupi zielekee mashariki na magharibi, zikiwa na madirisha machache au zisiwe nayo kabisa.

Hapa hutokea mgongano unaostahili kujadiliwa darasani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi hupanda, na hewa ya ziwani huvuma kuja kujaza nafasi. Katika pwani ya Mara upepo huo wa mchana hutoka upande wa ziwa, ambao kwa jumla ni magharibi na kaskazini-magharibi. Basi upande unaoleta upepo wa baridi ndio upande unaoleta jua kali la alasiri. Fundi mwenye ujuzi huweka madirisha makubwa katika ukuta wa kaskazini, karibu na kona ya magharibi, ambapo upenu unaweza kuyakinga, na mengine katika ukuta wa kusini ili upepo upate pa kutokea. Pahali pasipowezekana hivyo, baraza pana au mti wenye majani mengi hupandwa upande wa magharibi. Mti huacha upepo upite chini ya matawi yake na kuzuia jua juu.

BATI: MLANGO MKUBWA WA JOTO

Kwa kuwa jua la mahali hapa hukaa juu sana, paa hupokea joto kuliko ukuta wowote. Wakati wa mchana usio na mawingu, kila mita ya mraba inayoelekea jua hupokea karibu wati 1,000. Paa linalofunika mita za mraba 48 hupokea basi kiasi cha kilowati 48, yaani sawa na pasi 48 za umeme za wati 1,000 zikiwaka kwa pamoja.

Si joto lote hilo linaloingia ndani. Sehemu hurudishwa angani na rangi ya paa. Bati lililopata kutu hufyonza kiasi cha asilimia 80, karibu kilowati 38. Bati lililopakwa rangi nyeupe safi hufyonza kiasi cha asilimia 30, karibu kilowati 14. Tofauti ya kilowati 24 imeletwa na rangi peke yake. Vumbi na moshi huipunguza faida hiyo, kwa hiyo rangi huhitaji kurudiwa na paa kusafishwa na mvua au kwa maji.

Joto lililofyonzwa hupita katika bati bila shida, maana chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao na bati lenyewe halifiki unene wa nusu milimita. Kisha hushuka kwa mnururisho. Mwaka 1879 Josef Stefan, mwanafizikia wa Austria, alionyesha kwamba mnururisho wa kitu hukua kwa kipeo cha nne cha halijoto yake ikipimwa kwa kelvini. Bati la nyuzi 60 za sentigredi, yaani kelvini 333, laweza kutoa hadi kiasi cha wati 697 kwa kila mita ya mraba. Dari yenye nyuzi 30, yaani kelvini 303, hutoa kiasi cha wati 478. Anayeketi chini ya bati tupu hupokea kutoka juu zaidi ya wati 200 za ziada kwa kila mita ya mraba. Ndiyo sababu mtu huhisi kichwa kinamwaka hata kama kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaonyesha hewa ya wastani. Ndiyo sababu pia pangaboi halimponyi: hilo husukuma hewa tu, wala haliwezi kuzuia mnururisho.

Nyumba za msonge zilizojengwa na wazee wa Mara zilikuwa na jibu lake. Nyasi zilizofungwa nene zimeshika hewa nyingi tulivu ndani yake, na hewa tulivu hupitisha joto kidogo sana. Uso wa ndani wa paa la namna hiyo hukaa karibu na halijoto ya chumba. Upungufu wa nyasi unajulikana: huungua, huoza, hukaliwa na wadudu, na hazifai kukusanyia maji ya mvua. Bati lilishinda kwa sababu za haki. Kilichosahauliwa ni kwamba nyasi zilikuwa paa na dari kwa wakati mmoja, na aliyeziondoa alipaswa kuweka viwili mahali pake.

TOFALI NA KUNI ZAKE

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliwalaumu wananchi waliokuwa wakingojea saruji na bati ilhali wangeweza kujenga nyumba imara kwa matofali ya kuchoma na vigae. Lawama hiyo ilikuwa na msingi: udongo ulikuwapo, na fedha za kununulia vifaa kutoka mbali hazikuwapo. Matofali ya kuchoma yameenea sana tangu wakati huo. Leo hapana budi kuuliza swali la pili: yanachomwa kwa nini?

Mfano wa hesabu utasaidia. Chukua matofali 10,000 ya kilo 3 kila moja, jumla kilo 30,000. Kupandisha halijoto ya udongo mkavu kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 900 huhitaji kiasi cha kilojuli 875 kwa kila kilo, kwa hiyo jumla ni karibu megajuli 26,000. Kuni zilizokauka kwa hewa hutoa kiasi cha megajuli 15 kwa kilo. Hata kama hakuna joto litakalopotea, zinahitajika kuni za tani 1.75. Lakini tanuru la kijijini halina kuta nene wala bomba la kuongoza moshi. Joto jingi hutoroka, na jingine hutumika kuyageuza maji ya tofali bichi kuwa mvuke. Mahitaji halisi huwa mara mbili, mara tatu au zaidi. Kila nyumba ya namna hiyo husimama badala ya miti kadhaa mikubwa.

Njia nyingine ni tofali la udongo lililogandamizwa kwa mashine ya mkono baada ya kuchanganywa na saruji kidogo, bila kuchomwa. Utafiti wa matofali haya nchini ni wa siku nyingi. Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi, kilichoanzishwa mwaka 1971, kilishughulikia vifaa vya ujenzi vya gharama nafuu, na tangu mwaka 2001 kazi hiyo imeendelezwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambao hueneza matofali ya kufungamana. Ukuta ule ule wa kilo 30,000 ukitiwa saruji asilimia 6 huhitaji kilo 1,800, yaani mifuko 36 ya kilo 50. Utengenezaji wa saruji huhitaji karibu megajuli 4 kwa kilo. Jumla ni megajuli 7,200, kidogo zaidi ya robo ya zile za kuchoma.

Msomaji makini ataona kikwazo hapo hapo. Mifuko 36 hulipiwa kwa fedha taslimu, lakini kuni za mlimani huonekana kana kwamba hazina bei. Saruji nayo hutoa hewa ya ukaa, kwanza kwa moto wa tanuru na tena kwa chokaa inayovunjika ndani yake. Kwa hiyo tofali lililo bora kuliko yote kwa nishati ni lile lililokwisha kuwa ukutani. Nyumba iliyo imara ikikarabatiwa badala ya kubomolewa, kuni au saruji iliyokwisha kutumika haipotei bure.

Ubora wa tofali la kugandamiza hutegemea udongo. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika tambarare za Bunda, hauufai ukuta wala msingi, kwa kuwa hutanuka wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo mwekundu wenye mchanga ndio unaofaa. Fundi huupima kwa kisanduku chenye urefu wa sentimita 60 na upana na kina cha sentimita 4: hukijaza udongo mbichi, huuanika hadi ukauke, kisha hupima umesinyaa kiasi gani. Ukisinyaa sana, huongezwa mchanga au saruji. Kipimo hicho hakihitaji maabara, lakini fundi asiyefundishwa hukiruka, na tofali humomonyoka katika mvua ya kwanza.

SIKU TATU ZA FUNDI

Siku ya kwanza ni ya kupima msingi. Fundi akifunga kamba zake kwa kufuata barabara peke yake, ukuta mrefu waweza kuelekea magharibi, na hakuna atakayeugeuza tena. Siku hiyo hiyo huamuliwa kimo cha sakafu kutoka ardhini. Sakafu iliyoinuliwa sentimita 30 huzuia maji ya mvua, lakini humzuia pia mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mteremko unaofaa ni wa mwinamo wa 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 30 huhitaji urefu wa mita 3.6. Nafasi hiyo ikikumbukwa wakati wa kupima, haigharimu ila kifusi na zege kidogo. Ikisahauliwa, huenda mita 3.6 zikawa zimekwisha kuingia katika kiwanja cha jirani.

Siku ya pili ni ya kupanga milango na madirisha. Hewa moto hupanda. Kwa hiyo chumba hupoa vizuri kikiwa na matundu ya chini yanayoingiza hewa na matundu ya juu, karibu na dari, yanayoitoa. Matundu yote yawe na wavu wa mbu, maana malaria haijaondoka katika mwambao wa ziwa. Wavu hupunguza kasi ya upepo, basi dirisha lenye wavu liwe kubwa kuliko lile lisilo nao. Mlango nao uwe na nafasi wazi ya angalau sentimita 80, na 90 ni bora, usiwe na kizingiti cha kuruka. Ndani ya choo na darasa iwepo nafasi ya mita 1.5 kwa mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka.

Siku ya tatu ni ya kuezeka. Humo huamuliwa urefu wa upenu, rangi ya bati, na kama kenchi zitaacha nafasi ya dari na matundu ya kupitisha hewa kati ya dari na bati. Dari iliyozibwa pande zote huwa chungu cha hewa moto. Dari yenye matundu pande mbili huachia joto litoke kabla halijashuka.

UKARABATI WA NYUMBA ILIYOPO

Wengi wa wakazi wa Mara hawatajenga nyumba mpya mwaka huu. Wanazo tayari. Kwa nyumba ya kawaida ya bati, marekebisho yanafaa kufuata utaratibu huu, kuanzia yaletayo faida kubwa kwa gharama ndogo.

Kwanza, bati lililopata kutu lisuguliwe na kupakwa rangi nyeupe ya chuma. Pili, dari iwekwe, yenye matundu ya hewa. Ubao wa dari ni mzuri. Mikeka ya mafunjo, mmea unaoota kwa wingi katika kinamasi cha Mto Mara, yaweza kutumika pia, mradi ikae mbali na jiko, taa ya moto na nyaya zilizochubuka. Tatu, matundu ya juu yafunguliwe katika kuta zinazokabiliana. Nne, upenu mfupi urefushwe au baraza iongezwe, hasa upande wa magharibi. Tano, miti ipandwe, kwa umbali ambao mizizi haitafika kwenye msingi. Katika vilima vya Butiama, ambako usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, dari ile ile inayozuia joto la mchana husaidia kuutunza uvuguvugu wa usiku.

Kazi hizi zina faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Mvua kubwa ikinyesha juu ya bati tupu, mwalimu hawezi kusikika, na mwanafunzi mwenye usikivu hafifu hukosa somo zima. Dari hupunguza kelele hizo. Baraza pana humpa mwanafunzi mwenye ualbino kivuli wakati wa mapumziko, na dirisha lililokingwa humpunguzia mwangaza unaomuumiza macho. Mstari wa rangi tofauti kwenye ukingo wa ngazi humwongoza asiyeona vizuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa wote. Wakati mzuri wa kuitimiza ni pale fundi anapokuwa amekwisha kuitwa kwa kazi nyingine, na mchanga na saruji viko uani.

STADI ZA FUNDI NA CHETI CHAKE

Mafundi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama walijifunza kazi kwa kuanza kama saidia fundi, wakibeba zege na kutazama. Njia hiyo imetoa waashi hodari wa timazi, pima maji na mwiko. Udhaifu wake ni kwamba kijana hurithi ujuzi wa fundi wake pamoja na makosa yake. Kama fundi mkuu hakuwahi kuuliza jua linatoka wapi kabla ya kufunga kamba, mwanafunzi wake hatauliza.

Serikali imejaribu mara kadhaa kuliziba pengo hilo. Sheria ya mwaka 1974 iliweka utaratibu wa kitaifa wa mafunzo ya ufundi. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyotokana na mfano wa vyuo vya Sweden. Mkoani Mara vimo vya Musoma na Kisangwa, Bunda. Mwaka 1994 ilianzishwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo ina chuo mjini Musoma. Upo pia utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti.

Utaratibu huu wa mwisho ndio unaofanana zaidi na ule wa Ulaya, na ndio wenye matumaini makubwa kwa ujenzi wa nishati nafuu. Mwashi mwenye miaka 20 kazini hahitaji kurudi darasani kujifunza kupanga matofali. Huhitaji siku chache za kujifunza njia ya jua, kipimo cha udongo, dari yenye matundu na mteremko wa 1 kwa 12, tena akiwa juu ya jengo halisi. Mlango wa mafunzo hayo nao uwe mpana. Mashine ya kugandamiza matofali, kazi ya rangi, dari na upimaji wa udongo zinafanywa vizuri na wanawake kama wanaume, na baadhi ya kazi hizo zaweza kufanywa na mtu asiyeweza kupanda ngazi. Fundi anayejua maisha ya kiti cha magurudumu hahitaji kukumbushwa upana wa mlango.

Shule za sekondari zina nafasi yao. Kila shule ina majengo, na kila jengo huhitaji matengenezo. Mwalimu wa fizikia akishirikiana na fundi wa matengenezo, darasa moja laweza kupakwa rangi paa na jingine kuachwa, na wanafunzi wakapima tofauti kwa mwaka mzima. Fundi atajifunza sababu, na wanafunzi watajifunza kazi.

JARIBIO

Vifaa: maboksi matatu ya karatasi ngumu yaliyo sawa kwa ukubwa, vipande vitatu vya bati vya kuyafunika, rangi nyeusi, rangi nyeupe, kipande cha karatasi ngumu, na vipimajoto vitatu.

Njia: Paka rangi nyeusi mabati mawili na rangi nyeupe bati la tatu. Funika boksi la kwanza kwa bati jeusi. Boksi la pili lifunike kwa bati jeusi, lakini weka karatasi ngumu sentimita 5 chini ya bati iwe dari, na toboa matundu pande mbili kati ya dari na bati. Boksi la tatu lifunike kwa bati jeupe. Katika kila boksi tundika kipimajoto katikati, balbu yake ikiwa wazi. Yaweke maboksi juani kuanzia saa nne asubuhi na usome halijoto kila baada ya dakika 15 hadi saa nane. Chora mchoro wa halijoto na wakati kwa kila boksi katika karatasi moja.

Tahadhari: usishike bati kwa mkono mtupu baada ya saa tano.

MASWALI

1. Kwa nini upenu husaidia sana ukuta wa kaskazini lakini hausaidii sana ukuta wa magharibi?

2. Ukuta wa kusini una dirisha ambalo kizingiti chake kiko mita 1.8 chini ya ukingo wa paa. Tafuta urefu wa upenu unaotosha jua likiwa kileleni mwezi wa Desemba.

3. Jengo la utawala la shule lina sakafu yenye kimo cha sentimita 45. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na urefu gani? Chora namna unavyoweza kukunjwa mara moja ikiwa nafasi ya mbele ni mita 3.5 tu.

4. Rudia hesabu ya matofali 10,000 ukidhani kwamba theluthi moja tu ya joto la kuni huingia katika udongo. Kuni ngapi zitahitajika?

5. Chunguza darasa lako. Andika maamuzi matatu yaliyofanywa na fundi katika zile siku tatu, na ueleze lipi laweza kurekebishwa kwa gharama ndogo na lipi haliwezi kurekebishwa tena.